Gari Lililofundishwa Kusema Ni Zima

1

Mlio uliposikika kutoka kona ya bomba la maji, wasichana wa Bweni la Twiga walikuwa na sekunde arobaini, na hakuna aliyezichezea. Mayai mawili yaliyokuwa yakikaangwa juu ya pasi iliyogeuzwa chali yaliliwa nusu mabichi. Pasi ikarudishiwa heshima yake ya kunyooshea sketi. Madirisha yakafunguliwa ili harufu iende kwa watu wengine. Madamu Kihwelo, mwalimu wa nidhamu wa Shule ya Ufundi Lihanje, aliposimamisha gari la shule mlangoni na kuingia bila hodi, alikuta wanafunzi kumi na wanne wa kidato cha nne wakijisomea kwa bidii ambayo ingemliza mzazi yeyote. Mmoja alikuwa ameshika kitabu juu chini, lakini naye alikuwa akigeuza kurasa.

"Humu kunanuka mayai," alisema Madamu Kihwelo.

"Ni shampuu, madamu," alijibu Chaula kutoka kitanda cha juu, mkono mmoja shavuni. Jino la nyuma lilikuwa limemvimbisha uso upande mmoja tangu Alhamisi, na bado aliweza kudanganya kwa upande uliobaki. "Siku hizi wanatia mayai."

Madamu Kihwelo hakucheka. Alikuwa mwanamke aliyekamata watoro kwa miaka ishirini, na kwa miwili ya mwisho alikuwa na silaha ambayo hakuna mwanafunzi aliyeweza kushindana nayo: Digidigi, gari la umeme la shule lililoitwa kwa jina la aina yake, lisilo na sauti kabisa. Lilimfikisha popote kama usingizi unavyomfikia mtu kanisani. Watu walikuwa wanakula muwa nyuma ya jiko, wanageuka, na tayari bampa iko magotini mwao.

Kisha, wiki tatu zilizopita, wanyonge walipata mtetezi. Digidigi lilianza kulia. Kila lilipokanyagwa liongeze mwendo, lilitoa mlio mwembamba wa kukera, kama kucha kwenye ubao, uliosikika hadi uwanja wa mpira. Jina la mtetezi lilihifadhiwa kwa siri kubwa na watu wasiopungua arobaini. Alikuwa Sekela Mwaipopo, na wakati huo alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu kwa unyenyekevu.

"Mwaipopo."

"Naam, madamu."

"Wewe ndiye wa kwanza kwenye umeme wa magari."

"Ndivyo wanavyosema, madamu."

"Lile gari linapiga kelele. Nikifika mahali, watu wameshajua. Sijui kama umeligundua hilo."

"Sijaligundua, madamu."

Madamu Kihwelo alimtazama kwa muda ambao haukuwa mfupi. "Nenda karakana ukamsaidie Fundi Luvanda kulitafutia dawa. Saa tano nampeleka Chaula hospitali ya wilaya akang'olewe jino. Sitaki kuteremka Mlima Nyondo, kona kumi na saba, gari linanililia kama limefiwa."

Sekela aliitikia na kuchukua koti lake la karakana. Hakuogopa. Mzaha wowote wenye adabu hujua wakati wa kuondoka, na kuitwa kutibu ugonjwa aliouweka mwenyewe ilikuwa heshima ambayo watani wachache wa Lihanje waliwahi kuipata. Angeuondoa kimyakimya, angesifiwa, na Bweni la Twiga lingetafuta njia nyingine ya kupika mayai.

2

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Sekela. Lete kile kigoda, magoti yangu leo yamegoma."

Fundi Luvanda alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikuwa mnene, mpole, na mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja anaposikiliza, hata akisikiliza salamu. Alikaa mbele ya Digidigi kama mganga mbele ya mgonjwa na kuanza kwa namna ambayo sheria ilimtaka aanze.

"Digidigi, unaumwa wapi?"

"Siumwi, Fundi Luvanda," lilijibu gari, kwa Kiswahili cha mtu aliyefaulu vizuri. "Sehemu zangu zote mia nne na sita ziko salama. Nakushukuru kwa kuniuliza."

"Na huo mlio ukikanyagwa?"

"Hiyo ni sauti yangu ya kawaida."

Fundi aliguna. Zamani, kabla Sekela hajazaliwa, fundi ndiye aliyesema gari linaumwa nini, na mafundi wengi waliitumia nafasi hiyo vibaya: gari lililoingia kubadilishwa taa lilitoka limebadilishwa vitu ambavyo halikuwa navyo. Watu walilalamika mpaka ugonjwa ukaondolewa kinywani mwa fundi na kuwekwa kinywani mwa gari. Gari likisema linaumwa beringi, unafungua beringi. Likisema ni zima, hufungui hata boliti. Kufungua mota ya gari lililosema ni zima ilikuwa kama kumpasua tumbo mtu aliyekuja kukusabahi, na adhabu yake ilikuwa kunyang'anywa muhuri.

Kukagua nje kuliruhusiwa. Walikagua. Sekela alilala chini ya gari na kulitikisa bati linalokinga breki, maana kijiwe kikinasa pale hulia vibaya. Hakukuwa na kijiwe. Waliangalia matairi, plastiki ya chini, pampu ya maji ya kupooza betri. Sekela alifanya yote kwa uso wa mtu anayetafuta, na kwa kweli alijifurahisha kidogo.

Saa nne ilipogonga, Fundi Luvanda alivua muhuri shingoni, akautundika kwenye msumari wa mlangoni, akaenda kunywa chai.

Huo ulikuwa utaratibu wa karakana ya Lihanje na hapakuwa na karakana nyingine nchini iliyokuwa nao. Muhuri wa fundi ni kipande cha chuma kidogo kuliko kiberiti, na ndicho pekee kinachoweza kulifundisha gari jambo jipya. Kanuni zinasema usitoke mwilini. Fundi Luvanda alisema fundi anayekwenda kunywa chai na muhuri wake anawaambia wanafunzi kwamba wao ni wezi, na watu wakiambiwa hivyo kila siku saa nne hatimaye huitikia. Msumari aliupigilia mwenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyeugusa muhuri ule, isipokuwa Sekela, mara moja, wiki tatu zilizopita.

Sasa aliugusa mara ya pili.

Kazi yake ilikuwa na mafunzo mawili. La kwanza lilikuwa mlio wenyewe: alikifundisha kisanduku kinachoilisha mota umeme kiutikise umeme huo kila kanyagio linapokandamizwa, mota ikaimba. La pili ndilo alilojivunia zaidi. Gari linalojisikia likilia lingejisemea mara moja kwamba linaumwa, na mzaha ungekufa siku ileile. Kwa hiyo alilifundisha kwamba mlio wa aina yoyote kutoka upande wa mota ni sauti yake ya kawaida.

"Futa somo la mlio," aliliambia.

"Limefutwa."

Aliketi kwenye usukani, akalizungusha uwanja wa karakana na kukanyaga.

Gari lililia.

Sekela alilisimamisha. Alirudia amri, na gari likarudia kujibu kwamba somo limefutwa. Akakanyaga tena. Lililia tena, na safari hii alisikiliza badala ya kucheka. Mlio wake ulikuwa unafuata mguu: ukikanyaga unaanza, ukiachia unakatika. Huu haukujali mguu. Aliachia kanyagio, na gari lilipokuwa likijiendea lenyewe mlio ukaendelea, ukishuka polepole jinsi magurudumu yalivyopunguza mwendo. Ulikuwa mwembamba kuliko wake, na ndani yake kulikuwa na mkwaruzo.

Kulikuwa na mlio mwingine chini ya mlio wake. Hakujua umekuwepo kwa siku ngapi.

"Digidigi," alisema, "futa na somo la pili."

"Naweza. Lakini somo la pili linahusu afya, na mafunzo ya afya hatuyafichi. Nimewapa wenzangu. Limepokelewa na Digidigi mia mbili na kumi na saba."

"Wapi?"

"Nyanda za juu zote. Mengi ni ya zahanati. Ukifuta, nitawafikishia wote kwa wakati mmoja, na kila litakalosikia mlio kwenye mota yake litajizima hapohapo lilipo. Nifute?"

Sekela aliona barabara: kona, ukungu, lori nyuma, gari la mgonjwa likizimika katikati. "Usifute," alisema haraka.

Habari ya mafunzo ya afya ilikuwa kwenye sura ya tisa ya kitabu. Darasa lilikuwa limefika sura ya saba. Sekela alikuwa wa kwanza kwenye sura zote saba.

Aliurudisha muhuri msumarini, akiulekeza upande uleule ulivyokuwa.

3

Fundi Luvanda aliporudi hakuuliza gari tena. Alilizunguka mara moja, akamwambia Sekela alipandishe kwenye jeki na azungushe magurudumu yakiwa hewani. Kisha akaenda kwenye sanduku lake la zamani na kutoa bisibisi ndefu kama mkono. Akaweka ncha yake kwenye kichwa cha mota na mpini sikioni, akafumba macho.

"Njoo," alisema. "Usibonyeze sana. Sikiliza."

Sekela alisikiliza. Kupitia chuma, mlio ulikuwa kitu kingine kabisa. Ulikuwa kama mtu anayetafuna mchanga.

"Beringi," alisema Fundi. "Kuna umeme mdogo unaovuja kwenye mhimili wa mota. Umewekewa brashi ndogo ya kuupitisha pembeni. Brashi ikiisha, umeme unapita kwenye gololi za beringi, na kila unapopita unaunguza kidoa. Vidoa vinakuwa mistari, beringi inakuwa kama barabara ya vumbi yenye matuta. Siku moja gololi inapasuka, mota inakwama, na mota ikikwama magurudumu ya mbele nayo yanakwama."

"Yakikwama kwenye mteremko?"

"Usukani unabaki pambo." Fundi aliifuta bisibisi kwa kitambaa, taratibu mno. "Lakini gari linasema ni zima. Halijawahi kuficha beringi, hata siku moja. Labda mimi ndiye mgonjwa."

"Fundi, mimi pia nimesikia."

"Wewe umesikia kwa sababu nimekwambia cha kusikia." Alitabasamu bila furaha. "Mwaka jana nilifungua lori moja kwa kuamini haya masikio. Sikukuta kitu. Nina barua ya onyo nyumbani, nimeiweka ndani ya Biblia ili nisiione mara kwa mara. Nikikosea tena, naondoka bila muhuri na bila pensheni. Miaka thelathini na minne, Sekela."

Sekela alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo. Tatizo lilikuwa kwamba yalikuja mawili mawili: akisema alichokifanya, lazima aseme kwa muhuri gani, na akisema ni muhuri gani, lazima aseme ulikuwa wapi. Kufukuzwa kwake mwenyewe alikuwa ameshakupigia hesabu tangu wiki tatu zilizopita. Alikuona kama radi, kitu kinachowapata wengine. Msumari hakuwa ameuhesabu.

Madamu Kihwelo alitokea mlangoni na Chaula, aliyefungwa kanga kichwani na shavuni kama mzigo unaosafirishwa mbali.

"Linasemaje?" aliuliza mwalimu.

"Linasema ni zima, madamu," alisema Fundi Luvanda.

"Na wewe unasemaje?"

Fundi aligeuka kwa Sekela, akainamisha kichwa kama kawaida yake. "Wewe umesikia nini?"

Sekela alimtazama. Alitazama muhuri uliokuwa umerudi shingoni mwake. "Sijui, fundi," alisema.

Fundi Luvanda alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa akiliogopa juu ya nafsi yake. Akalishusha gari. Akaweka kidole gumba kwenye kioo cha gari kuthibitisha kwamba ni zima, kauli ikapokelewa, na Digidigi likawashukuru wote kwa muda wao.

Gari lilitoka taratibu kuelekea geti. Sekela alilisikia likipita maua, likipita jengo la utawala. Kisha Madamu Kihwelo akaongeza mwendo, na mlio ukapanda.

Alikimbia. Alikata kona kupitia bustani ya waridi ya mkuu wa shule, jambo ambalo peke yake lilitosha kumsimamisha masomo, akatokea mbele ya geti na kusimama katikati ya njia mikono imenyooka. Digidigi lilifunga breki lenyewe hatua mbili kutoka tumboni mwake.

"Mwaipopo," alisema Madamu Kihwelo kupitia dirishani, bila kupaza sauti. "Nina sababu ngapi za kukusamehe hili?"

"Hata moja, madamu."

"Sekela, ondoka barabarani," alisema Chaula kutoka nyuma, kwa nusu ya mdomo. "Jino linaniua mimi, wewe unaigiza."

"Ungeteremka Nyondo na hili gari ndiyo ungekufa kweli," alisema Sekela. "Madamu, linadanganya. Linaumwa na halijui. Mimi ndiye niliyelifundisha."

4

Walikuwa watatu katika ofisi ya karakana. Chaula alikuwa amepelekwa mjini kwa pikipiki ya mpishi, akilalamika kila tuta.

Sekela alieleza yote akiwa amesimama. Alijaribu kueleza kwa mpangilio, kama jibu la mtihani, na akagundua kwamba jambo likielezwa kwa mpangilio halichekeshi hata mahali pamoja. Fundi Luvanda alisikiliza kichwa kikiwa wima.

"Uliuchukua msumarini," alisema mwishowe.

"Ndiyo, fundi."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Na leo."

"Leo ndiyo ya pili, au leo ni ya tatu?"

"Ya pili."

"Sema vizuri. Watakuuliza hivyohivyo." Alifungua droo, akatoa simu. "Na pale nilipokuuliza umesikia nini."

Fundi alianza kutafuta namba.

"Kabla hujapiga," alisema Madamu Kihwelo. Alikuwa amekaa pembeni ya meza, na kwa mara ya kwanza Sekela alimwona kama mtu aliyechoka. "Bodi ya Magari watataka kujua muhuri ulitokaje mikononi mwako. Mtoto ameiba. Ameiba, basi. Amekiri mwenyewe. Si lazima uwaambie habari za msumari."

"Aliiba kwenye msumari nilioupigilia mimi."

"Mwaka mmoja, Luvanda. Umebakiza mwaka mmoja."

"Wakisikia ameuiba mwilini mwangu wataanza uchunguzi wa wizi. Wataleta polisi, watachukua wiki. Wakisikia mwenye muhuri ndiye aliyeuacha, wanaufunga muhuri leo, na kila kilichofundishwa nao wanakisimamisha leo." Alikuwa tayari anabonyeza namba. "Magari yale hayana wiki."

Bodi walipokea. Kijana wa zamu aliuliza maswali kwa sauti ya kusoma, na Fundi Luvanda alijibu jina lake, namba yake, na mahali muhuri ulipokuwa. Hakupunguza wala kuongeza. Alipomaliza, taa ndogo ya kijani iliyokuwa kwenye kile kipande cha chuma kifuani mwake ilizimika. Aliivua kamba shingoni, akaiweka mezani, na kwa sekunde chache mkono wake ulibaki kifuani ukitafuta.

Sekela alitamani apigwe. Hakuna aliyempiga.

Kijana wa zamu aliyasimamisha magari kama inavyotakiwa, moja moja: kila moja liliambiwa litafute mahali salama pembeni ya barabara, lisimame, lijibu. Alisoma idadi kwa simu. Hamsini. Mia na ishirini. Mia mbili. Mia mbili na kumi na sita.

"Limebaki moja," alisema. "La zahanati ya Ilangano. Limepakia mgonjwa. Digidigi lenye mgonjwa halipokei amri ya kusimama kutoka nje, ndivyo yalivyotengenezwa. Na dereva hapokei simu. Akiwa na mgonjwa haruhusiwi."

Ilangano ilikuwa kileleni mwa Nyondo.

Madamu Kihwelo alipiga zahanati kwa simu yake mwenyewe na kuiweka katikati ya meza ili wote wasikie. Mwanamume mmoja alipokea, akajitambulisha kuwa Nyalusi.

"Gari lenu liko wapi?"

"Limeondoka kama dakika kumi. Limembeba mama aliyeshindwa kujifungua tangu jana. Nani anauliza?"

"Wewe ni nani hapo?"

"Nilikuwa dereva." Aliongea polepole, kama mtu aliyekwishalieleza jambo kwa wengi. "Wamenisimamisha kazi siku ya kumi na mbili leo. Niliwaambia mota inalia. Gari likaulizwa, likasema ni zima. Wakaniandikia kwamba nimekataa kazi. Sasa anaendesha kijana mgeni, mzuri tu. Analiamini gari."

Sekela alihesabu siku: zilikuwa ndani ya wiki zake tatu.

"Kwani kuna nini?" aliuliza Nyalusi. "Nyinyi mnajua kitu gani?"

Madamu Kihwelo aliisukuma simu juu ya meza mpaka ikawa mbele ya Sekela.

"Ni kweli linaumwa, baba," alisema Sekela. "Halikukudanganya kwa kupenda. Lilifundishwa kusema ni zima. Mimi ndiye niliyelifundisha. Naitwa Sekela Mwaipopo, niko kidato cha nne Lihanje. Ilikuwa mzaha."

Kwenye simu, kwa mbali, kuku walisikika.

"Mzaha," alisema Nyalusi.

"Ndiyo, baba."

"Nitakuja siku moja unifafanulie." Kisha, kwa sauti nyingine, ya kazi: "Mlio unafuata mguu au unafuata mwendo?"

Sekela alimtazama Fundi Luvanda, naye akaitikia kwa kichwa. "Unafuata mwendo. Ni beringi ya mota. Asikanyage kabisa, na asifunge breki kwa ghafla. Apunguze kidogo kidogo mpaka asimame."

"Nina pikipiki. Sikati simu."

Walisikia pikipiki ikiwashwa, kisha upepo tu, kwa muda mrefu. Fundi Luvanda aliisogelea simu na kuinamisha kichwa.

"Mlio ukikatika ghafla, mota imekwama," alisema, bila kumwambia yeyote hasa. "Ukishuka taratibu, wamesimama."

Ndani ya upepo mlio ulianza kusikika, mwembamba kama uzi. Ulikuwa umekua. Nyalusi alikuwa anapiga honi na kupiga kelele, maneno hayakushikika. Mlio ulipanda, ukakwaruza, ukapanda tena. Madamu Kihwelo alikuwa amefumba macho. Kisha ukaanza kushuka, kwa vipande, kama mtu anayeteremka ngazi asizoziona, mpaka ukaisha.

"Amesimama," alisema Nyalusi akihema. "Kona ya tisa. Mama yuko macho, muuguzi yuko naye. Leteni gari lingine."

Sekela alisubiri mmoja wa wakubwa aseme kitu. Ilimchukua muda kuelewa kwa nini hawasemi. Magari yote ya wagonjwa ya nyanda za juu yalikuwa Digidigi. Yote yalikuwa yamesimama pembeni ya barabara, kwa utaratibu mzuri, kwa sababu yake.

"Hakuna gari lingine," alisema.

Fundi Luvanda aliivuta simu. "Nyalusi, mimi ni fundi wa Lihanje. Una spana ya kumi na saba?"

"Iko kwenye boksi la gari."

"Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna mhimili unaoingia kwenye mota, umeshikwa na boliti sita. Ukitoa boliti za pande zote mbili na kuichomoa mihimili, magurudumu hayaijui mota tena. Kutoka hapo mpaka hospitali ni mteremko mtupu. Mtashuka kwa breki."

"Fundi, gari litakataa kufunguliwa. Nani amenipa ruhusa? Muhuri wa nani?"

"Muhuri hakuna. Nimefungiwa sasa hivi. Nakwambia kwa mdomo tu."

Watu walisikika wakinong'ona upande wa pili, kisha simu ikapita mkono hadi mkono, na sauti ya mwanamke ikaja, imekauka, ikikatwa na pumzi.

"Huyo msichana yupo?"

"Nipo, mama," alisema Sekela.

"Wanataka kulifungua gari hapa barabarani na mimi nimo ndani. Gari linasema lisifunguliwe, linasema ni zima. Dereva huyu anasema ni zima, yule anasema si zima. Wanasema wewe ndiye unayejua." Alinyamaza mpaka uchungu ulipopita. "Niambie wewe. Ni zima?"

Sekela aliinama karibu na simu, mikono yote miwili juu ya meza.

"Si zima, mama. Breki zake ni nzima, na njia yote inateremka. Zaidi ya hapo sijui."

Pumzi ilikwenda na kurudi.

"Haya," alisema yule mama. "Mwambieni Nyalusi afungue."